Somo la Vikundi: Dipoziti ya Nyumba Isiporudishwa



Kila tunapotembelea vikundi, iwe ni Sagalla, Mgange au huko Kasigau, tumezoea kuulizwa mambo ya mbuzi wa maziwa, mbegu na mikopo ya mzunguko. Lakini siku hizi kuna swali lingine ambalo huja mwishoni, watu wakiwa wameanza kusimama kwenda nyumbani. Mama mmoja huinua mkono na kusema, "Na hii dipoziti ya nyumba, jamani, hurudi kweli?" Hapo wote huketi tena.

Tunaelewa sababu. Shamba liko mlimani, lakini mtoto amepanga chumba Voi, Mwatate au Taveta. Mmoja ni fundi, mwingine anasoma Chuo Kikuu cha Taita Taveta, mwingine anauza nguo sokoni. Siku ya kuhama, dipoziti ya nyumba ya kwanza ndiyo ingelipa dipoziti ya nyumba ya pili. Isiporudi, mzazi huja kukopa kwa kikundi, na pesa iliyokuwa ya mbegu inaingia kwa mwenye nyumba wa pili huku wa kwanza akiwa amekalia yake. Basi tumeona tulifanye somo.

Yaliyompata mama mmoja

Tuanze na kisa kilichofika ofisini kwetu. Tumebadilisha mambo madogo ili wahusika wasijulikane.

Mama huyu alipanga vyumba viwili Voi kwa kodi ya shilingi 4,500 kwa mwezi. Alipoingia alilipa dipoziti ya 4,500 na nyingine ya maji, 1,000. Jumla 5,500. Hakuandikiwa mkataba. Alilipa kwa M-Pesa, akapewa funguo, basi. Alikaa miaka mitatu bila kuchelewesha kodi. Alipotaka kuhama alitoa notisi ya mwezi mmoja, akalipa mwezi wa mwisho, akafagia nyumba na kurudisha funguo kwa keateka.

Baada ya wiki mbili akapiga simu. Mwenye nyumba akamwambia, "Mama, rangi ni 3,000, mfereji umevunjika 800, kitasa 1,000, na kusafisha 700. Hakuna kitu chako kilichobaki." Tulipiga hesabu pamoja naye. Ilikuja 5,500 sawasawa, hata shilingi moja haikubaki. Sisi tumeona hesabu za namna hiyo mara nyingi, na kila mara tunastaajabu jinsi uharibifu unavyojua kiasi cha dipoziti.

Mama alikuwa amekata tamaa. Alisema, "Hawa ni watu wakubwa, mimi nitamfanya nini?" Tukamuuliza maswali mawili tu: Je, unaweza kuonyesha kwamba ulilipa? Je, kati ya hivyo vitu vinne, ni kipi uliharibu wewe?

Swali la pili lilimnyamazisha kidogo. Akakubali kwamba mfereji ulivunjwa na mtoto wake, na kwamba funguo mmoja ulipotea. Lakini rangi ilichakaa yenyewe. Ukuta uliopakwa zaidi ya miaka mitatu iliyopita utafifia hata kama aliyekaa mle ni malaika. Na nyumba aliisafisha, keateka aliona.

Dipoziti ni pesa ya nani?

Hapa ndipo wengi hukosea, wapangaji na wenye nyumba pia. Dipoziti si kodi na si zawadi. Ni pesa ya mpangaji inayoshikwa na mwenye nyumba kama dhamana. Mwenye nyumba anaweza kukata humo kodi iliyobaki, bili ya maji au stima ambayo mpangaji hakulipa, na gharama ya kurekebisha kitu ambacho mpangaji alikiharibu. Kinachobaki kinarudi. Kuchakaa kwa kawaida, kama rangi kufifia au sakafu kukwaruzika kwa kutembelewa, si uharibifu. Ni gharama ya kuwa na nyumba ya kupangisha, na kodi ya kila mwezi ndiyo inayoilipia.

Mkiwa na mkataba wa maandishi, someni unasemaje, kwa sababu mapatano yenu ndiyo msingi. Wengine hukubali kwa maandishi kwamba watapaka rangi wakihama. Ukishatia sahihi hapo, usije ukalia.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba jambo la rehani si geni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamkataza mkopeshaji kulala na vazi la maskini aliloliweka rehani. Jua likichwa, lirudishwe.

Barua kwanza

Kabla ya kesi, andika barua. Simu husahaulika na maneno ya mlangoni hukanwa. Barua hukaa. Tulimsaidia mama yule kuandika hivi, nanyi mwaweza kuiiga:

*"Kwa Bwana ………,*
*Nilipanga vyumba vyako viwili vilivyoko ……… tangu tarehe ……… hadi tarehe ………. Nililipa dipoziti ya shilingi 4,500 ya nyumba na 1,000 ya maji, jumla 5,500, kwa M-Pesa. Nilitoa notisi, nililipa kodi yote, na nilirudisha funguo kwa keateka wako tarehe ……….*
*Ninakubali kulipia mfereji, shilingi 800, na funguo mmoja uliopotea, shilingi 300. Sikubali gharama ya rangi wala ya kusafisha. Ninaomba unirudishie shilingi 4,400 katika muda wa siku 14 kuanzia leo. Kama una risiti za matengenezo, tafadhali nionyeshe.*
*Muda huo ukipita, nitapeleka madai yangu mahakamani bila kukuandikia tena.*
*Wako, ………"*

Angalieni mambo mawili humo. Kwanza, hakuna matusi. Barua hii huenda ikasomwa na hakimu, kwa hivyo iandike ukijua hivyo. Pili, mama alikubali yale yaliyokuwa kweli. Wengine kwenye kikundi chake walimlaumu, ati kwa nini ajitie hatiani, angedai 5,500 yote. Sisi hatukukubaliana nao. Anayekiri mfereji huaminiwa akikana rangi.

Toa nakala ya barua, ubaki nayo. Aliyeipokea atie sahihi kwenye nakala yako. Akikataa, nenda na shahidi, au itume pia kwa ujumbe wa simu ili tarehe ionekane.

Je, ilikuwaje? Siku ya kumi na mbili mwanawe yule mwenye nyumba alipiga simu. Walibishana kidogo juu ya kitasa, kisha akatuma 2,400, na mwezi uliofuata 2,000. Mama alikuwa tayari na karatasi zake za mahakamani kwenye bahasha ya kaki. Anazo bado.

Mahakama ya Madai Madogo

Si wote wataogopa barua. Kwa hao, kuna mahakama ambayo ilitungwa kwa ajili ya mambo kama haya. Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, lakini mahakama ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Baadaye zimeongezwa katika miji mingine. Mwanzoni sheria ilisema madai yasizidi shilingi 200,000. Mwaka 2020 ikarekebishwa, na sasa kikomo ni shilingi 1,000,000.

Mahakama hii husikiliza madai ya pesa yanayotokana na mapatano: mtu ameuza bidhaa hajalipwa, amefanya kazi ya kandarasi hajalipwa, au mtu ameshika pesa za mwingine na hataki kuzitoa. Husikiliza pia uharibifu wa mali na fidia ya kuumia. Haisikilizi ugomvi wa umiliki wa ardhi wala wa nani akae ndani yake, haisikilizi mambo ya kuajiriwa kazini, wala kuvunjiana heshima. Kwa hivyo mkiwa na kesi ya mpaka wa shamba, msiende huko.

Faida yake ni hizi. Kesi yapaswa kumalizwa katika siku 60 tangu ilipoandikishwa. Si lazima uwe na wakili. Unaweza kujieleza mwenyewe, na mahakama haifungwi na zile kanuni ngumu za ushahidi ambazo mawakili hushikana nazo mashati. Mkitaka kupatana, mahakama yaweza kuwapa nafasi hiyo, na mapatano yenu yakawa amri. Na asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu kwa jambo la sheria tu. Hawezi kwenda kurudia hadithi upya.

Sasa, kuna jambo la kuangalia sana. Kesi za kupanga zina milango mingine. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ambayo ina baraza lake. Duka, hoteli au mkahawa uko chini ya Sura ya 301, nayo ina baraza lingine la kodi za biashara. Vikundi vilivyopanga chumba cha cherehani au cha kuuza chakula vikumbuke hiyo ya pili. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba aweza kusimama na kupinga kwamba umeleta kesi mahali pasipo pake. Ndiyo maana twashauri: kama umeshahama na hakuna ugomvi wa kukaa wala wa kutolewa, andika madai yako wazi kama madai ya pesa iliyoshikwa. Usichanganye na hadithi ya jinsi ulivyokatiwa maji mwaka juzi.

Nenda Mahakama ya Voi, au Wundanyi au Taveta kama huko ndiko karibu na nyumba uliyopanga, uingie ofisi ya rejista. Sema hivi: "Nina madai ya dipoziti ya nyumba, shilingi kadhaa, kodi yangu ilikuwa kadhaa kwa mwezi. Niandikishe wapi?" Wale makarani ndio kazi yao. Usione haya kuuliza mara mbili. Madai yakionekana kuwa ya mahakama ya kawaida, hata hakimu wa ngazi ya chini kabisa ana uwezo wa kusikiliza madai ya pesa hadi shilingi milioni 5, kwa hivyo hutakosa mlango. Ila njia hiyo huwa ndefu zaidi.

Tangu mwaka 2024 mahakama nchini zimeingia katika mpango wa kuandikisha kesi kwa kompyuta. Usitishike. Kama huna simu ya kufanyia hayo, kijana wa saiba anaweza kukusaidia, lakini kaa naye ukisoma kila neno analoandika. Tumeona madai ya 6,000 yakiandikwa 60,000 kwa haraka ya kidole.

Utajaza fomu ya madai: jina lako, jina la mdaiwa, pesa kiasi gani, zilitokana na nini. Andika jina kamili la mwenye nyumba. Hapa watu wengi hukwama, maana wanamjua tu kama "Baba nanii" au wanamjua keateka peke yake. Jina linalotokea kwenye M-Pesa unapolipa kodi ni mwanzo mzuri. Utalipa ada ya mahakama, uulize kiasi chake hapo rejista na upewe risiti. Kisha samansi lazima imfikie mdaiwa, na iwepo hati ya kuthibitisha kwamba imemfikia. Ulizeni ni nani anayeruhusiwa kuipeleka. Kesi nyingi hukwama hapa, si kwa sababu mtu hana haki, bali kwa sababu mdaiwa hajapatikana.

Ushahidi ni wako kuutafuta

Mama wa kisa chetu alikuwa ameibiwa simu, na meseji zote zilikwenda nayo. Alidhani ameisha. Lakini malipo ya M-Pesa hukaa kwenye rekodi za kampuni, na mwenye laini anaweza kuomba taarifa ya miezi iliyopita na kuichapisha. Aliipata, na ile dipoziti ya miaka mitatu ilikuwa pale na tarehe yake.

Mengine ya kubeba: mkataba kama upo, risiti, notisi uliyotoa, barua ya madai, picha za nyumba, meseji zenu. Keateka au jirani aliyeona nyumba ikikabidhiwa ni shahidi mzuri kuliko shangazi yako ambaye hakuwapo. Chapisha karatasi, usitegemee kuonyesha simu iliyopasuka kioo.

Lakini kazi kubwa ya ushahidi hufanywa siku ya kuingia, si siku ya kesi. Zunguka chumba na keateka. Andikeni kwenye karatasi moja: dirisha la jikoni lina ufa, sinki inavuja, balbu mbili, funguo tatu. Tieni sahihi wote wawili. Piga picha. Siku ya kutoka fanyeni vilevile, mkisoma pia mita ya maji na ya stima. Robo saa tu.

Kijana aliyeshindwa

Ili msidhani mpangaji huwa na haki siku zote, hiki ni kisa cha pili. Kijana mmoja aliambiwa na wenzake kwamba dawa ya landilodi ni kutolipa mwezi wa mwisho, "ukae kwa dipoziti." Akafanya hivyo. Akahama usiku, mlango wa chumba umevunjika bawaba, bili ya maji ya miezi miwili haijalipwa. Kisha akaja kwetu akitaka tumsaidie kudai dipoziti ya 3,500!

Tulimweleza kwamba mdaiwa naye ana haki ya kuleta madai yake katika kesi hiyo hiyo. Kodi ya mwezi 3,500, mlango, maji. Angekwenda kudai na kurudi akidaiwa. Alikasirika, akasema kanisa linatetea matajiri. Baba yake ndiye aliyelipa ule mlango mwishowe.

Na hata mwenye haki apige hesabu. Ikiwa unadai 2,000 na unatoka Kasigau, nauli ya kwenda na kurudi mara tatu, ada, na siku za kazi zilizopotea zaweza kuimeza yote. Mahakama inaweza kumwamuru aliyeshindwa akulipe gharama, lakini usiweke hilo mfukoni kabla halijatoka. Kushinda ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Asipolipa, itabidi urudi mahakamani kuomba hukumu itekelezwe. Kwa pesa ndogo, mzee wa mtaa au chifu anaweza kuwakalisha chini. Chifu hawezi kuwahukumu, lakini anaweza kuwapatanisha, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 159 inasifu njia hizo. Mkipatana, andikeni. Kwa upande mwingine, usikae sana. Madai ya mapatano hufa baada ya miaka 6.

Mtu asiye na uwezo kabisa anaweza kutafuta msaada wa kisheria. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, kina ofisi Mombasa, na iko pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyowekwa na sheria ya 2016.

Kama mwenye nyumba ni mzee wa kanisa

Swali hili liliulizwa kwa sauti ya chini, lakini tutalijibu kwa sauti ya kawaida. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, aliwakemea waumini waliopelekana kortini. Wapo wanaotumia sura hiyo kumnyamazisha mpangaji. Wakiisoma vizuri wataona kwamba inamkemea pia yule anayemdhulumu ndugu yake. Kwa hivyo nenda kwake kwanza, peke yako, kisha na wazee wawili. Wakishindwa, au wakikuambia uvumilie tu huku pesa imekaa kwa mwingine, hatuoni dhambi kwenda mahali ambapo nyote wawili mtasikilizwa.

Vikundi vyenye ploti

Hatuwezi kumaliza bila kuwagusa ninyi mliojenga vyumba vya kupangisha. Kikundi kimoja kizuri, chenye vyumba sita, kiliandika dipoziti zote kwenye daftari kama mapato. Desemba wakagawana. Machi wapangaji wawili wakahama, na mwekahazina hakuwa na hata senti. Hakuna aliyeiba. Waligawana pesa za watu kwa furaha na maombi.

Dipoziti iwe na ukurasa wake kwenye daftari, na ikiwezekana akaunti yake. Toeni risiti. Mpangaji akitoka, mkague naye, mkate kwa risiti ya fundi, mrudishe kinachobaki. Na kikundi kinapokwenda mahakamani, kiwe kinadai au kinadaiwa, kibebe cheti cha usajili na minitisi za mkutano uliowapa viongozi idhini ya kukisemea.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni nani kati yetu, au watoto wetu, ana dipoziti ambayo haijarudishwa? Ni kiasi gani, na kuna karatasi gani ya kuonyesha?

2. Mama wa kisa chetu alikubali kulipia mfereji na funguo. Je, alifanya vizuri? Wanaosema hapana waeleze.

3. Kama kikundi chetu kina vyumba, mwekahazina afungue daftari mbele ya wote. Dipoziti za wapangaji ziko wapi leo?

4. Wawili wachaguliwe kwenda rejista ya mahakama kuuliza ada ya madai madogo na siku za kusikilizwa, walete jibu mkutano ujao.